Sinia la Mogadishu na Meza ya Honavar: Chakula, Ugeni na Kumbukumbu katika Rihla ya Ibn Battuta

Ikisiri

Maelezo ya Ibn Battuta kuhusu chakula alichopewa Mogadishu takribani mwaka 1331 yamezoeleka kutumiwa kama ushahidi wa historia ya pwani ya Afrika Mashariki. Makala haya yanayasoma kama matini ya fasihi ya safari. Yanaonyesha kwamba chakula katika sura hiyo kimefungamana na taratibu za ugeni, na kwamba kiasi cha anachokiona msafiri hutegemea nafasi aliyopewa na wenyeji wake. Aidha, yanakabili tatizo linalopitwa kwa urahisi: orodha ya achari za Mogadishu inafanana mno na orodha mbili za Bara Hindi zilizomo katika kitabu hicho hicho. Makala yanajenga hoja kwamba kinachostahili kuaminiwa zaidi ni namna chakula kilivyopangwa mbele ya mlaji, wala si majina ya vilivyomo. Yanajadili pia maneno matatu yanayomtega mfasiri wa Kiswahili: kushan, fulful na jammun.

1. Utangulizi

Mtafiti wa historia ya pwani anapohitaji shahidi wa karne ya kumi na nne, humwendea Ibn Battuta. Sababu iko wazi. Kabla yake, Al-Masudi alikwisha kuandika kwamba watu wa nchi ya Zanji hula ndizi na mtama, lakini yeye anataja mazao, hatuonyeshi watu waliokaa kula. Ibn Battuta anatuketisha. Tunaona wali, tunaona samli, tunaona chombo kilichobeba wali huo, tunaona mkono ukitoka kwenye wali kwenda kwenye achari na kurudi. Tangu matini ya Kiarabu ilipochapishwa Paris na Defrémery na Sanguinetti kati ya mwaka 1853 na 1858, na hasa baada ya tafsiri za Kiingereza za Gibb na Freeman-Grenville kutoka mwaka 1962, ukurasa huo umekuwa mali ya kila anayeandika juu ya utamaduni wa Waswahili. Hamdun na King waliutafsiri tena mwaka 1975.

Tatizo ni kwamba umetumiwa zaidi ya ulivyosomwa. Mwanahistoria huchukua embe, mtaalamu wa biashara huchukua mchele, mtaalamu wa dini huchukua kadhi na wanafunzi wake, na kila mmoja huondoka na kipande chake kama mtu aliyeingia ghalani. Ni nadra kuuliza maswali ambayo mhakiki wa fasihi angeyauliza kwa matini nyingine yoyote: nani anasimulia, kwa nani, baada ya muda gani, na kwa nini jambo hili limeelezwa kwa kirefu na lile kwa mkato. Maswali hayo si ya pambo. Rihla ilisimuliwa kwa mdomo mjini Fes, ikaandikwa na Ibn Juzayy, na kazi ikakamilika kati ya mwaka 1355 na 1356. Kati ya mlo wa Mogadishu na kalamu ya Ibn Juzayy kuna zaidi ya miaka 20, na ndani ya miaka hiyo msimulizi alikwisha kuishi Delhi, Malabari na visiwa vya Maldivi, akala milo mingine mingi ya wali.

Tahadhari moja inafaa kutolewa mapema. Ibn Battuta hauiti mji wa Mogadishu sehemu ya Sawahil. Kwake, Sawahil ni nchi aielekeayo baada ya kuondoka Mogadishu. Anamtaja Sultani wa mji huo, Abu Bakr bin Sheikh Umar, kuwa mtu wa asili ya Barbara, anayezungumza lugha ya Mogadishu na kukijua Kiarabu. Lugha hiyo haielezi zaidi. Wanaoichukua sahani hii moja kwa moja na kuiita mapishi ya Waswahili wanafanya haraka, hata kama Barawa, isiyo mbali na hapo, inazungumza Chimiini hadi leo. Katika makala haya nitasema pwani, na nitaliacha neno Uswahili lisubiri.

2. Sahani inayopanda chomboni

Sura ya Mogadishu inaanza baharini. Chombo kinapotia nanga, vijana wa mji huja kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa sahani hiyo mmoja wa wafanyabiashara na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara hushuka na kwenda kwenye nyumba ya mwenyeji huyo, asiende kwingine, isipokuwa kama amezoea kuja na anawajua watu wa mji. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anavyovitaka. Anayenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au anayemuuzia bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake haitambuliwi.

Chakula cha kwanza katika sura hii, kwa hiyo, hatukioni. Kimefunikwa. Ibn Battuta hasemi kilichokuwamo, na naamini hakuhitaji kusema, kwa sababu sahani hiyo haikuletwa ili mtu ashibe. Ni mkataba. Anayeipokea amejifunga kwa mwenyeji mmoja, na mwenyeji naye amejifunga mbele ya mji mzima kwamba mgeni huyu hatapunjwa. Mwenyeji hapa ni mdhamini na dalali kwa pamoja, na wali wake ndio saini. Anayesoma kifungu hiki kama sifa ya ukarimu tu anaipoteza nusu ya maana yake, na anayekisoma kama ujanja wa kibiashara tu anaipoteza nusu nyingine.

Kijana mmoja alimkaribia Ibn Battuta pia. Wenzake wakamwambia kwamba huyu si mfanyabiashara, ni faqihi. Mara moja mkondo wa ugeni unabadilika: anaitwa kadhi, naye anashuka hadi ufukweni pamoja na wanafunzi wake, na mgeni anaambiwa kwamba desturi inamtaka mwanachuoni amwone Sultani kabla ya kufikia nyumba yoyote. Huko hapewi wali. Anapewa tambuu, majani kumi pamoja na popoo kidogo, na kumwagiwa marashi ya waridi ya Dameski. Kisha anapelekwa kwenye nyumba ya wanafunzi, na hapo ndipo sinia linapofika.

Mfuatano huu una maana kwa mhakiki. Sahani iliyofunikwa ni ya mfanyabiashara. Tambuu ni ya mgeni wa Sultani. Sinia la wali ni la mwanachuoni aliyekwisha kutambuliwa. Msimulizi anaeleza kwa kirefu kile tu alichopewa yeye mwenyewe kwa cheo chake. Laiti angeshuka kama mfanyabiashara, tungekuwa na maelezo ya sahani nyingine, pengine ya nyumba nyingine, pengine yenye samaki zaidi ya nyama. Mogadishu tunayoila katika Rihla ni ile inayopikiwa wanafunzi wa kadhi kwa amri ya Sultani.

Ulinganisho na Zeila unalithibitisha hili. Takribani siku kumi na tano kabla, msimulizi huyo huyo alifika Zeila na kuuona mji mchafu, unaonuka samaki na damu ya ngamia wanaochinjwa vichochoroni. Akachagua kulala chomboni, ingawa bahari ilikuwa imechafuka. Samaki na ngamia wapo Mogadishu pia. Yeye mwenyewe anasema kwamba huko huchinjwa mamia ya ngamia kila siku. Lakini Mogadishu ngamia wanatajwa kama dalili ya utajiri, na harufu haitajwi kabisa. Sitaki kudai kwamba Zeila haikunuka. Ninachosema ni kwamba Zeila hakuna aliyemletea chakula, na mji usiomlisha msafiri hubaki puani mwake.

Chakula cha Mogadishu kililetwa mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita tarakimu hiyo bila kukumbuka methali ya mgeni na jembe. Siku ya nne, iliyokuwa Ijumaa, walimletea mavazi: nguo ya kujifunga kiunoni, kwa kuwa watu wa mji huo hawajui suruali, pamoja na kanzu na joho na kilemba. Akavaa, akaenda msikitini na mwenyeji wake. Hakupewa jembe, lakini ugeni wa kulishwa ulikuwa umekoma. Alikwisha kuvikwa kama wao.

Swali hili la nafasi ya mgeni lingefaa kuulizwa pia kwa wasafiri waliotoka kwetu kwenda kwa watu. Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Mjerumani Bumiller hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na ambaye masimulizi yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1901, hakufika popote kama mgeni wa mtu kwa maana ya Mogadishu; alifika nyuma ya mtu mwingine. Martin Kayamba alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Uhakiki wetu umewasoma wote wawili kwa kuuliza waliona nini. Ni vyema tuanze kuuliza nani aliwalisha, na kwa jina gani waliketishwa.

3. Masinia mawili

Sasa tuingie kwenye mlo wenyewe. Kwa maelezo ya Ibn Battuta, chakula cha watu wa Mogadishu ni wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chombo kikubwa cha mti. Juu ya wali huwekwa sahani za kushan, nalo ni neno analolifafanua kwa Kiarabu kuwa ni idamu ya kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi hupikwa kwa maziwa mabichi na kutengwa katika chombo chake. Maziwa yaliyoganda huwekwa katika chombo kingine, na juu yake huwekwa ndimu za achari, vichala vya fulful vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Embe anaifananisha na tofaa lenye kokwa: ikiiva ni tamu sana na huliwa kama tunda, kabla haijaiva ni kali kama ndimu na hutiwa siki. Wanapokula tonge la wali hulifuatishia kitu katika hizo achari. Kisha inakuja sentensi mashuhuri, kwamba mtu mmoja wa Mogadishu hula kiasi cha kundi zima la sisi, na kwamba watu hao ni wanene kupindukia.

Sentensi hiyo ya mwisho imewachekesha wengi na kuwakera wengine. Mimi naiona kuwa ni ya kawaida katika utanzu wake. Msafiri hupima kwa mwili wa kwao, na sisi ya hapo ni ya Tanja na Fes, mahali palipokuwa na wasikilizaji wa masimulizi. Ni mzaha wa barazani. Kinachostahili kutusumbua kiko mistari michache kabla yake.

Msomaji aliyeifuata Rihla mpaka kwenye sura za Bara Hindi ataikuta sentensi ya achari tena. Anapoeleza matunda ya huko, Ibn Battuta anaanza na embe. Anasema kwamba zile zinazoanguka kabla ya kuiva hutiwa chumvi na kufanywa achari kama ndimu zinavyofanywa kwao Maghribi, na kwamba tangawizi mbichi na vichala vya fulful hufanywa vivyo hivyo, na watu hula kidogo katika hizo baada ya kila tonge. Anaendelea na mbele yake anafika Honavar, kwenye pwani ya magharibi ya India, akiwa mgeni wa Sultani Jamal al-Din. Huko anaeleza mlo: wali, samli, vichala vya fulful vya achari, tangawizi mbichi, ndimu na embe za achari, tonge moja, kisha achari, kisha kuku, kisha samaki, kisha mboga, na mwisho maziwa yaliyoganda. Anaongeza kwamba kwa Sultani huyo alikaa miezi kumi na mmoja bila kula mkate.

Mara tatu, basi, tunapata vitu vile vile vinne: ndimu, fulful, tangawizi, embe. Mara tatu tunapata desturi ile ile ya kufuatisha tonge kwa achari. Mara mbili tunapata maziwa yaliyoganda. Katika mfuatano wa safari, Mogadishu ilitangulia. Katika mfuatano wa kumbukumbu, Honavar ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na iliyokaa zaidi tumboni: siku tatu kwa upande mmoja, miezi kumi na mmoja kwa upande mwingine. Mzee anayesimulia Fes ana haki ya kuchanganya, na mwandishi wake, ambaye hakuwahi kuiona bahari hiyo, hakuwa na namna ya kumrekebisha. Embe ya Mogadishu, ambayo mtafiti wa historia ya mazao angependa kuishika kama ushahidi wa mwaka 1331, yaweza kuwa ni embe ya Malabari iliyorudishwa nyuma na ulimi.

Kuna njia mbili za haraka za kulimaliza tatizo hili, na zote mbili hazinitoshi. Ya kwanza ni kusema kwamba hakuna tatizo, kwa kuwa Bahari ya Hindi ilikuwa na meza moja: mchele ulisafiri, achari ilisafiri, na mtu wa Mogadishu na mtu wa Honavar walikula sawa kwa sababu walifanya biashara pamoja. Hoja hii ina ukweli mwingi ndani yake. Achari yenyewe, jina na kitu, ni mfano mzuri wa kile ambacho majahazi yaliweza kukibeba bila kuoza. Lakini hoja hii inathibitisha tu kwamba kufanana kuliwezekana; haithibitishi kwamba msimulizi alikuona. Njia ya pili ni kuutupa ukurasa wote kama kumbukumbu iliyochafuka. Hiyo ni kazi ya karani wa mahakama, si ya msomaji.

Napendekeza tutazame vyombo. Honavar kuna meza ya shaba yenye miguu, na juu yake sinia la shaba. Kijakazi aliyejifunga hariri anasimama, anapakua wali kwa upawa mkubwa wa shaba, upawa mmoja kwa wakati. Mlaji akimaliza, anapakuliwa mwingine, na kila upawa unakuja na kitoweo chake. Kuku hutangulia, kisha kuku wa aina nyingine, kisha samaki, kisha mboga. Chakula kinakuja kwa zamu, na maziwa yaliyoganda yanapofika mlaji anajua kwamba hakuna kingine baada yake. Ni mlo wenye mwanzo na mwisho, unaotawaliwa na mpakuaji. Mtu hula mbele yake mwenyewe.

Mogadishu hakuna mpakuaji. Wali wote umemiminwa katika chombo kimoja kikubwa cha mti, na vitoweo vyote vimekaa juu yake kwa wakati mmoja. Ndizi ziko pembeni, maziwa na achari pembeni. Hakuna kinachotangulia wala kinachofuata. Kila mkono unachagua njia yake kati ya kuku na samaki. Hili ni sinia kama msomaji wa pwani anavyolijua, chombo kinachodai watu wakizunguke. Na maziwa, ambayo Honavar ni tamati ya mlo, hapa yamekuwa kitanda cha achari. Ndizi mbichi katika maziwa hazina nafasi yoyote Honavar.

Kama msimulizi angekuwa ameihamisha meza ya Honavar hadi Mogadishu, angehama nayo yote, na kwanza kabisa angehama na kilichomvutia zaidi, yaani yule mwanamke wa hariri na upawa wake. Hakufanya hivyo. Alichohamisha, ikiwa alihamisha chochote, ni majina ya achari, yaani sehemu iliyokwisha kuwa kibwagizo katika usimulizi wake. Majina ya vitu hukaririwa na kuteleza kutoka mji hadi mji. Namna watu walivyoketi, mahali palipowekwa chombo na mkono uliopakua, hayo yanashikamana na mahali. Kwa hiyo niko tayari kuliamini sinia la mti, vitoweo juu ya wali, na ndizi katika maziwa, kabla sijaiamini embe.

Nakiri kwamba kipimo hiki hakimalizi kila kitu. Ibn Battuta ana desturi ya kukieleza kitu mara moja kwa kirefu na kukiacha. Mnazi, kwa mfano, hautaji Mogadishu wala Mombasa. Anaueleza Zafar, katika Oman ya leo, mji alioufikia mara tu baada ya kutoka Kilwa: maziwa yake, mafuta yake, hata asali yake. Anayeusoma ukimya wa Mombasa kama dalili kwamba watu wake walikula wali bila tui atakuwa ameusoma mpangilio wa kitabu kama ripoti ya shamba. Wakati huo huo embe na achari zinaelezwa tena na tena, kinyume cha desturi hiyo. Mpangilio wa Rihla hauna uthabiti tunaoutamani, na ni afadhali tukubali hivyo kuliko kuulazimisha.

4. Maneno matatu

Mfasiri anayeuleta ukurasa huu katika Kiswahili anakutana na fursa moja na mitego miwili. Fursa ni kushan. Wafasiri wa Kiingereza wamehangaika na neno hili na ufafanuzi wake, idamu, kwa kuwa lugha yao haina jina moja la kile kinachosindikiza chakula kikuu bila kujali ni nyama, samaki au majani. Kiswahili kinalo: kitoweo. Neno hilo linabeba mgawanyo ule ule wa mlo ambao Ibn Battuta alijaribu kuueleza, kwamba upande mmoja kuna chakula na upande mwingine kuna cha kulia chakula hicho. Mfasiri asiogope. Aandike kushan kama lilivyo, kwa sababu msimulizi alilihifadhi kwa makusudi, kisha alifafanue kwa kitoweo. Asiandike mchuzi, kwani matini haisemi kwamba kulikuwa na rojo. Wala asiandike mboga, ingawa bara neno hilo hutumika kwa kitoweo chochote. Hapa mboga ni mojawapo tu ya vitoweo vinne.

Mtego wa kwanza ni fulful. Mkono utakimbilia kuandika pilipili, na msomaji wa leo ataona pilipili nyekundu au ya kijani ikielea katika siki, kama ilivyo kwenye chupa ya achari ya nyumbani kwake. Pilipili hiyo ni mmea wa Amerika. Haikuweza kufika Mogadishu kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492 na Wareno kuingia Bahari ya Hindi baada yake. Kilichokuwamo katika sinia ni pilipili manga, tena mbichi, ikiwa bado katika vichala vyake. Na neno vichala halina maana kwa pilipili ya Amerika, ila linaukaa vyema mmea ule unaotambaa ambao Ibn Battuta aliufananisha na mzabibu alipouona Malabari. Kiswahili kimehifadhi tofauti hiyo kwa kuongeza manga. Mfasiri anayeiacha manga anaondoa karne mbili kwa neno moja.

Mtego wa pili uko Mombasa. Miongoni mwa miti ya kisiwa hicho msimulizi anataja tunda liitwalo jammun, lenye umbo la zeituni na kokwa kama ya zeituni, ila ni tamu mno. Sisi tungesema zambarau, na pengine tungekuwa sahihi. Lakini jammun ni neno la Bara Hindi, na tunda hilo hilo analieleza tena katika orodha ya matunda ya huko, kwa mfano ule ule wa zeituni. Alipopita Mombasa alikuwa bado hajafika India. Jina alilotupa si jina alilolisikia kwa Wamombasa, au walau hatuna sababu ya kudhani hivyo. Ni jina alilojifunza baadaye na kulirudishia tunda alilokuwa amelionja bila kulijua jina. Hapa kumbukumbu inafanya kazi mbele ya macho yetu. Mfasiri akiandika zambarau, anafuta kazi hiyo. Akiandika jammun bila maelezo, anawafanya Wamombasa wa karne ya kumi na nne wazungumze Kihindi. Mimi ningebaki na jammun katika matini, na ufafanuzi ningeuweka chini ya ukurasa.

5. Usiku mmoja Mombasa

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Chakula chake kinaelezwa kwa maneno machache: ndizi na samaki ndivyo vinavyoliwa zaidi, nafaka hailimwi kisiwani, huletwa kutoka Sawahil. Hakuna chombo, hakuna mkono, hakuna mwenyeji mwenye jina. Ni maelezo ya mtu aliyeambiwa, si ya mtu aliyeketishwa.

Alichokiona kwa macho yake kiko mlangoni mwa msikiti. Misikiti ni ya miti, imejengwa vizuri. Kwenye kila mlango kuna kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili. Maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa. Ardhi inayozunguka kisima imesawazishwa, kwa kuwa watu wote hutembea bila viatu. Anayetaka kuingia huosha miguu yake, na mlangoni pana kipande cha mkeka mnene wa kuipangusia. Mpini wa kata hiyo umeelezwa kwa uangalifu zaidi ya mlo wa mji mzima. Msafiri aliyefika jioni na kuondoka asubuhi hakupata sinia, lakini aliswali, na njia ya kuingilia msikitini ilipita juu ya miguu yake mwenyewe. Yaelekea hiyo ndiyo sababu tunaijua kata kuliko tunavyomjua samaki.

Kilwa ni kinyume kingine tena. Huko anamsifu Sultani Abu al-Mudhaffar Hasan kwa kutoa: fakiri wa Kiyemeni anamwomba nguo alizozivaa, naye anaingia ndani, anavua, na nguo zinamfuata fakiri, kisha zinakombolewa kwa watumwa na pembe za ndovu. Watumwa hao wanahesabiwa pamoja na pembe, kumi, halafu kumi wengine, na msimulizi hasimami hata kidogo kwenye hesabu hiyo. Katikati ya kisa anataja kwamba Sultani ni mnyenyekevu, hukaa na mafakiri na kula pamoja nao. Hasemi walikula nini.